Deni na Sikukuu: Tulipe Vipi Huku Idd Inakuja?



 

Wapenzi wasomaji, wanafunzi wetu na wazee wetu, safari hii tumeona tuzungumze jambo ambalo majumbani mwetu huzungumzwa kwa sauti ya chini, nalo ni deni. Wengi wa wanafunzi wa madrasa yetu ni watoto wa watu wa Feri na Kariakoo. Baba anabeba mizigo au anapara samaki, mama anakaanga samaki au ni mama lishe, kaka anatembeza nguo Mtaa wa Kongo. Riziki yao inaingia siku kwa siku, na nyumba nyingi zina jina lao katika daftari la duka la mtaani. Swali tunaloulizwa na wazazi kila ikikaribia Shaabani ni moja: mtu mwenye deni afanyeje inapokuja Idd, au harusi ya mdogo wake, au aqiqa ya mjukuu? Awanunulie watoto nguo au amlipe mdai wake?

Jibu la haraka ni kwamba deni kwanza. Ni jibu sahihi, lakini tumeona watu wengi wakilifuata kwa nia njema na bado Idd ikiisha wanadaiwa zaidi kuliko walivyokuwa wakidaiwa kabla ya mfungo. Kwa hiyo inafaa tulieleze.

Uzito wa deni

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, na inayozungumza ni habari ya deni: kwamba liandikwe, muda wake utajwe, mwandishi aandike kwa uadilifu na mashahidi wawepo. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mirathi haigawiwi mpaka wasia na deni vitolewe. Na wanafunzi wa darasa la hadithi wanaijua habari iliyomo katika Sahihi Bukhari ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (S.A.W.). Aliuliza kama maiti ana deni, akaambiwa kuwa anadaiwa dinari kadhaa na hakuacha cha kuzilipia. Akawaambia Masahaba wamsalie mwenzao, naye hakumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Hatuambiwi kuwa maiti yule alikuwa mwizi au mlevi. Alikuwa mtu aliyekopa akafa.

Hata hivyo kukopa si dhambi, wala mwenye kukopa si mtu wa kudharauliwa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina kwa ajili ya shayiri aliyoichukua kwa chakula cha nyumbani kwake. Aliyekopa unga watoto wale amefanya linaloeleweka. Linalotutia wasiwasi ni yule anayedaiwa unga wa mwezi uliopita, kisha akaenda Kariakoo na pesa ya mdai akanunua viatu vya Idd. Viatu vile kwa hakika amevitoa mwenye duka la unga, naye hakuulizwa.

Sikukuu haiji kwa kushtukiza

Mgonjwa akizidiwa usiku, hiyo ni dharura. Paa likiezuliwa na upepo, ni dharura. Lakini Idd si dharura. Tangu siku ile tunayotoka kuswali Idd moja tunajua kuwa nyingine inakuja, na tunajua lini kwa tofauti ya siku moja au mbili. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, kwa hiyo Idd inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka katika kalenda ya ukutani. Idd el-Fitr ya mwaka 2024 tuliswali tarehe 10 Aprili. Ya mwaka 2025 tuliswali tarehe 31 Machi. Wazee wetu wa pwani waliihesabu miezi kwa majina yanayoanzia kwenye Idd yenyewe: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu wa kuchinja, Mfunguo Sita wa Maulidi, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mtu aliyeihesabu miezi hivi alijua kila mara amebakiwa na mingapi.

Kwa watu wa Feri hesabu hii ina faida nyingine. Soko letu la samaki, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kuanza kutumika mwaka 2002, linakwenda na mwezi wa mbinguni kuliko linavyokwenda na mwezi wa mshahara. Boti za dagaa huvua kwa taa wakati wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo siku za katikati ya mwezi mwandamo dagaa wanapungua mnadani, na mchuuzi, mbeba tenga na mwenye kuanika wote wanaona. Sasa tazameni: kumi la mwisho la Ramadhani ni giza, kazi ipo, na Idd el-Fitr inaingia pesa ikiwa bado mkononi. Idd el-Hajj iko mwezi kumi Mfunguo Tatu, mwezi umeshakuwa mkubwa na boti za dagaa zinaelekea kupumzika. Tena kwa miaka hii inaangukia ndani ya kusi, upepo unapovuma kwa nguvu na vyombo vidogo kukaa pwani. Kutoka Idd moja hadi nyingine ni siku kama 69 tu. Basi anayeifanyia Idd el-Fitr karamu ya kumaliza kila kitu, mara nyingi Idd ya kuchinja inamkuta hana kitu na anakwenda kukopa.

Hesabu ya mama mkaanga samaki

Tuchukue mfano. Mama anakaanga samaki Feri na kuuza. Anadaiwa shilingi 480,000: 180,000 ni samaki aliochukua mali kauli, 60,000 ni za duka la mtaani, na 240,000 alikopeshwa na dada yake kulipia kodi ya chumba. Madeni yote matatu hayana riba. Baada ya chakula, mafuta ya kukaangia, nauli na kuweka akiba ya kodi, anabakiwa na shilingi 4,000 kwa kila siku aliyofanya kazi, na kwa mwezi mwandamo anafanya kazi siku 22. Hiyo ni shilingi 88,000.

Akizitoa zote kulipa deni, atamaliza katikati ya mwezi wa sita. Akitoa 3,000 kwa deni na 1,000 akaitia kibubuni kwa ajili ya shughuli na zawadi, deni linapata 66,000 kwa mwezi na litamalizika mwanzoni mwa mwezi wa nane. Akianza Mfunguo Nne, mara tu baada ya Idd el-Hajj, mwezi wa nane ni Shaabani. Ataiingia Ramadhani hadaiwi na mtu.

Msomaji mwenye kupenda hesabu atasema: mbona njia ya kwanza inamaliza mapema, na pesa ni zile zile? Ni kweli, kwenye karatasi ni zile zile. Lakini Mfunguo Sita kuna mchango wa Maulidi, na miezi ile ile kuna harusi mbili za jamaa. Mama aliyetoa shilingi zote kwa wadai hana kitu siku ya harusi, na si rahisi kwa mtu wa kwetu kwenda mikono mitupu kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Atakopa. Tena atakopa kwa haraka, na mkopo wa haraka mjini tunaujua. Mama mwenye kibubu atakuwa na 66,000 kufikia mwisho wa Mfunguo Sita. Atatoa 10,000 ya Maulidi na 20,000 kwa kila harusi, na atabakiwa na 16,000 bila kumgusa mdai. Kufikia mwisho wa Shaabani kibubu kitakuwa na 126,000, na zile 3,000 za kila siku zilizokuwa za deni zitakuwa zimeanza kuwa zake.

Kwa hiyo fungu la sikukuu, hata likiwa dogo, ni sehemu ya kulipa deni. Linamzuia mtu asirudi alikotoka. Sharti lake ni kuwa liwe dogo, lijulikane, na wadai waambiwe. Mwendee mdai wako, mwambie: nitakuletea kiasi hiki kila wiki, na hiki kidogo nimekibakisha kwa ajili ya watoto. Mdai aliyeambiwa ukweli na akaona pesa ikija kila Ijumaa ni nadra kuwa mkali. Anayemtia mtu ukali ni yule anayemkwepa kwa kupita uchochoro wa pili.

Fungu hili lina sharti jingine: lihusu madeni yasiyo na riba. Kama mtu ameshaingia kwenye mkopo wa riba, hapo mambo yanageuka. Kila siku inayopita ni hasara na ni dhambi inayoendelea, na atoe kila anachoweza atoke, hata Idd ile watoto wavae nguo za Idd iliyopita.

Mikopo ya kausha damu

Jina hili hatukulibuni sisi, limebuniwa na waliokopa. Mfano wake ni huu: unapewa 100,000 leo, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla ni 130,000. Shilingi 30,000 zimeondoka kwa pilau iliyoliwa mchana mmoja. Na marejesho hayajui mbalamwezi wala kusi; siku usiyouza unadaiwa vile vile, ndipo mtu anapokopa kwa wa pili amlipe wa kwanza. Siku hizi mikopo hii imeingia kwenye simu. Mwezi Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Waliowahi kukopa humo wanajua malipo yakichelewa kinachofuata: majina yaliyomo kwenye simu yako, mpaka ya shemeji na ya mwalimu wa mtoto, yanatumiwa ujumbe kuwa unadaiwa. Riba ni haramu kwa dalili zilizo wazi, na hatuna haja ya kuzirudia hapa. Tulitaka kuonyesha tu kuwa mkopo wa namna hii haumfai hata asiyekuwa Muislamu.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Nani alipwe kwanza?

Kwa maoni yetu mali kauli iwe ya kwanza. Uliyechukua samaki kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza, ukishauza, pesa iliyo mfukoni si yako hata kwa usiku mmoja. Pia ndiyo mlango wa riziki yako: neno lako likivunjika mnadani, kesho hupewi tenga. Halafu mlipe mdai aliye maskini kama wewe, kwa sababu deni lako huenda ndilo lililomfanya naye akope. Ndugu na jamaa wanastahimili zaidi, lakini wasisahauliwe mpaka undugu ukachacha. Hata 5,000 kwa mwezi inamwambia dada kuwa hukumsahau.

Upatu au mchezo ni jambo zuri likiendeshwa kwa uaminifu na bila nyongeza. Ukiweza, omba zamu yako iangukie Shaabani. Lakini kumbuka kuwa aliyepokea mwanzo ni mdaiwa wa wenzake mpaka wa mwisho apokee, na aliandike hilo katika madeni yake. Wengi hawaliandiki.

Harusi, sare na ahadi

Hapa ndipo penye mzigo mkubwa, na tutasema tunavyoona. Sunna ya ndoa ni walima, na mbuzi mmoja anatosha. Mjini kwetu kimezuka kitu juu ya kitu: kamati, kadi za michango, sare ya kupokea mahari, sare ya singo, sare ya siku yenyewe, na kila sare ni doti au kitenge na mshonaji wake. Mama mwenye harusi nne kwa mwaka anaweza kutumia kwenye sare peke yake kuliko alichotumia kwa ada za watoto.

Kadi ya mchango ina hatari moja ambayo watu hawaioni. Ukiandika ahadi ya 50,000, kamati itaihesabu na kuagiza mchele kwa ahadi hiyo. Muumini akiahidi hutimiza. Kwa hiyo usiandike kwa kuona haya mbele ya watu kiasi usichokuwa nacho. Andika 10,000 uliyonayo kibubuni, na uwaambie kuwa utafika alfajiri kuosha mchele na kuchambua, na utakaa mpaka sufuria ya mwisho iteremke. Anayeijua shughuli anajua kuwa mikono ya namna hiyo ni adimu. Na sare ya harusi iliyopita si haramu kuvaliwa tena, ingawa kwa wengine utadhani ni haramu.

Tuseme pia kuhusu mahari: mahari iliyoahidiwa na haijatolewa ni deni la mume kwa mkewe. Bwana anayewanunulia marafiki zake zawadi na hajamkamilishia mkewe mahari yake, aliweke nalo katika daftari.

Nguo za Idd, mkono wa Idd na kuchinja

Kinachotakiwa siku ya Idd ni kuoga, kujitia manukato na kuvaa nguo iliyo nzuri kuliko zote ulizonazo. Si lazima iwe mpya. Anayetaka kununua asingoje kumi la mwisho, maana atakwenda Kariakoo pamoja na mji mzima, na muuzaji wa Mtaa wa Sikukuu anajua kuwa huna siku ya kurudi. Nguo ile ile inunuliwe Rajabu, au itafutwe kwa utulivu kwenye mitumba ya Karume, ifuliwe na kupigwa pasi. Iwe kubwa kidogo, mtoto anakua.

Mkono wa Idd kwa watoto wa jirani ni jambo jema na linatia furaha, lakini halina kima. Badili noti mapema upate sarafu za 200. Sahani ya vitumbua au kaimati iliyofunikwa kwa kawa nayo ni zawadi, na mara nyingi sahani ile hairudi tupu.

Zakatul Fitri haiingii katika haya. Hiyo ni wajibu kwa kila aliyebakiwa na ziada ya chakula cha usiku na siku ya Idd, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, na iwekewe fungu lake. Kuchinja udhiya ni sunna iliyotiliwa mkazo kwa mwenye uwezo. Asiyekuwa na uwezo hatakiwi kukopa mbuzi ili majirani waone damu mlangoni. Na aliyezidiwa na madeni kweli kweli asione haya kuzungumza na imamu au kamati ya zaka ya msikiti wake, kwa sababu wenye madeni wametajwa miongoni mwa mafungu manane ya wanaopewa zaka katika Sura At-Tawba, aya ya 60.

Kwa upande wa wadai, aya ya 280 ya Al-Baqara inawataka wampe muda aliye katika dhiki, na kusamehe ni bora zaidi. Tunawaomba wenye maduka na wenye kukopesha jambo moja dogo: msimdai mtu asubuhi ya Idd mbele ya watoto wake. Kesho yake ipo.

Kazi ya wanafunzi

Nyinyi wanafunzi msidhani makala haya ni ya baba na mama tu. Aya ile ya 282 inamtaja mwandishi, na kumtaka asikatae kuandika kama alivyofundishwa na Mwenyezi Mungu. Katika nyumba nyingi mwenye mkono mzuri wa kuandika ni mtoto wa madrasa. Chukua daftari la kurasa 40. Upande wa kulia andika jina la mdai, kiasi, tarehe na siku ya kulipa. Upande wa kushoto andika kila kinacholipwa, hata kikiwa 500. Ukurasa wa nyuma kabisa uwe wa kibubu. Msomee mama kila Alhamisi baada ya Maghribi, polepole, na yaliyomo humo yasitoke nje ya nyumba yenu. Siri ya daftari ni amana kama pesa yenyewe.

Kuna jambo la kuanza kuandikwa humo mapema. Kwa hesabu za mwandamo, Ramadhani ya mwaka 2028 inatarajiwa kuingia siku za mwisho za Januari, ya mwaka 2029 katikati ya Januari, na mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku za mwisho za Desemba, kama wakubwa wetu walivyoona mwaka 1997. Januari ndiyo shule zinafunguliwa. Sare, madaftari, viatu, futari na nguo za Idd vyote vitadaiwa ndani ya wiki chache. Nyumba yenye watoto watatu wa shule inunue sare zile Novemba, na kibubu cha Ramadhani ya 2028 kianze kupokea shilingi si baadaye ya Mfunguo Nne wa mwaka 2027, ambao kwa hesabu hizo hizo utaingia mwanzoni mwa Juni.